Reli ya Umeme Isikwame Mpakani

Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, sifa nyingi zilielekezwa kwenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na zilistahili. Lakini lipo jambo lisilozungumzwa sana, nalo lina uzito kuliko mwendo: umeme unaoziendesha treni hizo ni wa namna gani, na je, jirani atakayeunganisha reli yake na ya Tanzania ataweka umeme wa namna ile ile? Mtumishi wa Serikali aliyeko Bariadi, au mwalimu wa Maswa, anaweza kudhani kwamba hilo ni shauri la mafundi peke yao. Sivyo.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni ghala la pamba la Taifa. Makao yake makuu, Bariadi, hayana reli. Mkoa huo hufikiwa na reli katika Malampaka, wilayani Maswa, kwenye njia iliyotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928. Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Fela mwezi Juni 2021 na ambayo bado inajengwa, inapita Malampaka vile vile. Nyuzi za pamba huenda Dar es Salaam zikavuka bahari, na safari hiyo haina mpaka wa nchi kavu. Lakini mafuta ya mbegu za pamba, mashudu, mchele na dengu za wakulima wa Bariadi, Itilima na Meatu, hata chaki za Maswa zinazojulikana na kila mwalimu, soko lake la karibu ni majirani. Behewa likipakiwa Malampaka likafika Burundi bila kufunguliwa, mkulima amepata soko. Likikaa mpakani kungoja kichwa kingine cha treni, gharama ya kungoja haitabebwa na shirika la reli lolote. Itakatwa kwenye bei anayolipwa mkulima shambani.

Yafaa kutazama yaliyowapata wenzetu wa Ulaya, si kwa kuwaiga, bali kwa kuepuka kosa lao. Kila nchi huko ilipoanza kutandika nyaya juu ya reli zake ilichagua kwa akili yake yenyewe. Uholanzi ilichukua volti 1,500 za mkondo mnyoofu. Ubelgiji na Italia zikachukua volti 3,000 za mkondo huo huo. Ujerumani, Austria na Uswisi zikakubaliana juu ya volti 15,000 za mkondo geu, lakini wenye mapigo machache kuliko umeme wa majumbani. Ufaransa ilianza na 1,500, kisha baada ya Vita Kuu ya Pili ikageukia volti 25,000, hivyo ikawa na mpaka wa umeme ndani ya nchi yake yenyewe. Matokeo yake, kwa miaka mingi treni ilipofika mpakani ilisimama, kichwa kikafunguliwa, kingine kikafungwa, abiria na mizigo wakingoja.

Dawa iliyobuniwa ni kichwa cha treni chenye kukubali umeme wa mifumo mingi. Katika miaka ya 1960 Uswisi, Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani zote zilikuwa na mitambo iliyoweza kupita chini ya nyaya za namna nne. Kazi yake si miujiza. Umeme wa mkondo geu huingia kwenye transfoma, hushushwa nguvu, kisha hugeuzwa ili ufae mota. Umeme wa mkondo mnyoofu haupiti kwenye transfoma, bali hupelekwa kwa njia nyingine. Kabla ya kuingia eneo la umeme mwingine dereva hukata umeme, treni husererekea kwenye kipande cha waya kisicho na umeme, kisha huwasha tena kwa mfumo mpya. Mara nyingi hata mkono wa juu unaogusa waya hubadilishwa, kwa kuwa upana wake hautoshani na waya wa jirani. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini ni ufundi wa kulipia ukaidi wa zamani: swichi zaidi, vipuri zaidi, uzito zaidi, na vyeti vya usalama kwa kila nchi.

Afrika nayo imekwisha kulipa ada hiyo. Afrika Kusini ina reli za volti 3,000 na nyingine za volti 25,000, na ililazimika kununua vichwa vya mifumo miwili ili treni za makaa ya mawe ziendazo bandari ya Richards Bay zisibadilishe vichwa njiani.

Afrika Mashariki, kwa bahati, inaanza karibu na ukurasa mtupu. Reli ya kisasa ya Tanzania imejengwa kwa volti 25,000 na mapigo 50 kwa sekunde, mfumo unaotumiwa na sehemu kubwa ya dunia kwa reli mpya. Reli ya Ethiopia na Jibuti, iliyoanza huduma za biashara Januari 2018, inatumia mfumo huo huo, na kichwa cha umeme huvuka mpaka huo bila kuhitaji mfumo wa pili. Reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi imekusudiwa kuwa ya umeme, na ni mwendelezo wa njia ya Tabora na Kigoma. Uganda ilitia saini mwezi Oktoba 2024 mkataba wa kujenga reli ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, kwa kampuni ile ile ya Uturuki iliyojenga njia ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Ila isidhaniwe kwamba mkandarasi mmoja ni sawa na mpango mmoja.

Ugumu uko Malaba. Reli mpya ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, inaendeshwa kwa dizeli. Siku reli hiyo itakapofika Malaba na kukutana na nyaya za Uganda, ama kichwa kitabadilishwa, ama dizeli itafuka moshi chini ya nyaya za umeme hadi Kampala, ama vitanunuliwa vichwa vya namna mbili, vya dizeli na umeme. Kila njia ina gharama. Pia uzito unatofautiana: reli ya Tanzania imesanifiwa kubeba tani 35 kwa ekseli, ya Kenya tani 25. Behewa lililojazwa kwa kipimo cha Tanzania haliwezi kuingizwa kwenye njia ya Kenya likiwa na mzigo huo huo, hata upana wa reli ukiwa mmoja.

Wale wanaokumbuka mwaka 1977 hawahitaji kuelezwa sana. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika, ugomvi wa nani achukue vichwa na mabehewa ulichukua miaka, na makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalifikiwa mwaka 1984. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 imerithi reli zilizotengana. Kidatu ni ushahidi mwingine, tena wa ndani ya nchi: reli ya TAZARA, fahari ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67 inatosha kuwafanya watu wahamishe mizigo kutoka behewa hadi behewa. Na pale Mwanza, MV Umoja, meli iliyojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuvusha mabehewa katika Ziwa Victoria, ina reli za mita sitaharini mwake. Behewa la reli mpya halitaingia humo. Mzigo wa Simiyu uendao Port Bell kwa ziwa utahamishwa Mwanza, isipokuwa mipango ifanywe mapema ya chombo kingine au ya kontena.

Umeme nao si mwisho wa mambo. Treni husoma ishara. Tanzania imechukua mfumo wa ishara wa Ulaya ambao humfikishia dereva amri ndani ya kichwa kwa redio. Jirani akichukua mfumo mwingine, kichwa hicho hicho kitahitaji mtambo wa pili, hata kama volti ni zile zile. Kisha kuna dereva mwenyewe. Ulaya, dereva anayevuka mpaka hutakiwa kufaulu lugha ya reli anayoingia, jambo linalopunguza sana idadi ya madereva wa safari hizo. Hapa Kiswahili kimekwisha kumaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo, kutoka Malampaka hadi Bujumbura, na waliofanya kazi hiyo ni walimu. Kilichobaki ni leseni ya dereva wa Tanzania kutambuliwa na Burundi, na ya Burundi kutambuliwa na Tanzania. Hilo ni karatasi tu, na karatasi ni kazi ya watumishi wa Serikali.

Kwa hiyo Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki halina budi kupitisha viwango vyenye nguvu ya sheria, si mapendekezo ya kupamba kabati: volti moja, mapigo mamoja, kimo kimoja cha waya, ishara zinazosomeka na kichwa cha kila nchi, na uzito wa ekseli uliotangazwa wazi kwa kila njia. Kila mkataba wa ujenzi utakaotiwa saini utaje viwango hivyo, na fedha za mikopo zisitolewe pasipo hivyo. Vichwa 17 vya umeme vya Tanzania vilivyotengenezwa Korea Kusini vina mfumo mmoja tu. Vikiwa na haki ya kuingia Burundi kama vilivyo, vinatosha kuanzia kazi. Ikibidi kuagizwa vya mifumo miwili kwa sababu ofisi mbili hazikuandikiana barua kwa wakati, bei ya nyongeza itatoka katika mfuko ule ule unaojenga maghala ya pamba Simiyu.