Leseni Moja, Milango Miwili



Mfanyakazi anapotimiza yote ambayo sheria ya nchi imemdai, kisha akanyimwa kazi kwa sharti ambalo sheria hiyo haikulitaja, hatuna budi kuuliza: je, hii ni haki? Swali hili linawahusu wauguzi wapya wa Marekani ambao wamefaulu mtihani na kupewa leseni, lakini wakazikuta hospitali zikiwafungia mlango kwa kuwa hawana shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Linatuhusu na sisi, kwa sababu miongoni mwao wamo vijana waliotoka Afrika ya Mashariki, na kwa sababu tabia ya kuthamini cheti kuliko kazi haijui mipaka ya nchi.

Njia mbili, mtihani mmoja

Katika nchi ile mtu anaweza kuwa muuguzi mwenye leseni kamili kwa njia zaidi ya moja. Yuko anayesoma miaka minne katika chuo kikuu. Yuko pia anayesoma uuguzi kwa muda wa miaka miwili hivi, mbali na masomo ya utangulizi, katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma chenye ada nafuu na kilicho karibu na makazi ya watu. Mwishoni wote hufanya mtihani ule ule, uitwao NCLEX-RN, na anayefaulu hupewa leseni ile ile. Leseni haisemi kwamba huyu ni muuguzi nusu na yule ni mzima.

Njia hii fupi haikuzuka kwa bahati. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Mwaka 1952 Mildred Montag, mwalimu wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliongoza mpango wa majaribio wa kuwafundisha wauguzi kwa miaka miwili. Yeye aliwafikiria wahitimu wake kuwa kundi la kati, chini ya muuguzi wa chuo kikuu. Lakini nchi iliwapa mtihani na leseni sawa na wenzao, ikawapanga katika wodi zile zile, na kwa miongo mingi ikawategemea.

Hata hivyo, mwaka 1965 Chama cha Wauguzi wa Marekani kilitamka kwamba muuguzi wa taaluma aanzie kwenye shahada ya kwanza. Ni jimbo la North Dakota peke yake lililoligeuza tamko hilo kuwa sharti la kupata leseni, kuanzia mwaka 1987, nalo likaliondoa mwaka 2003. Kile ambacho mabunge ya majimbo yalisita kukiamuru, ofisi za ajira za hospitali zilikuja kukitekeleza zenyewe.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipotokea, wauguzi wengi wenye umri mkubwa waliahirisha kustaafu, na wengine waliokwisha kuacha kazi walirudi. Nafasi zikawa chache na waombaji wengi. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kwamba ifikapo mwaka 2020 wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada ya kwanza. Aidha, hospitali zinazotafuta alama ya heshima iitwayo Magnet zilitakiwa kuonyesha kwamba wakuu wao wa uuguzi wana shahada, nazo zikapenda kuwajaza wenye shahada hata katika nafasi za mwanzo. Hivyo tangazo la kazi likawa chujio: asiye na shahada, barua yake haisomwi.

Muuguzi huyo hugeukia makao ya wazee, ambako kwa kawaida mshahara ni mdogo kuliko wa hospitali na muuguzi mmoja huangalia wazee wengi. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini anapoomba tena hospitali baada ya mwaka mmoja au miwili, huambiwa kwamba hana uzoefu wa wodi za hospitali. Atapataje uzoefu huo, ikiwa waliomnyima ndio wanaomdai?

Hoja ya hospitali

Haki inatudai tuwasikilize na wenye hospitali, maana hoja yao si ya kubezwa. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliohusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Waliona kwamba kila sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika siku 30 ulipungua kwa asilimia 5. Uhai wa mgonjwa hauna bei. Kama elimu zaidi inamlinda, basi elimu zaidi itafutwe.

Lakini tusiupe utafiti huo maneno ambayo haukuyasema. Ulilinganisha hospitali na hospitali. Haukumpima muuguzi mmoja mmoja wala kusema kwamba mwenye leseni asiye na shahada ni hatari. Tena utafiti huo huo ulionyesha kwamba muuguzi anapozidishiwa wagonjwa, vifo huongezeka. Hospitali inayoishika nusu ya kwanza ya somo ili kuchuja waombaji, na kuisahau nusu ya pili inapopanga zamu, inachagua ukweli usioigharimu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ikiwa shahada ni faida kwa mgonjwa na kwa hospitali, ni nani alipe gharama yake? Kuidai mlangoni ni kumtwika mzigo wote yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Aliyeingia chuo cha jamii mara nyingi alifanya hivyo kwa sababu ana watoto, au anafanya kazi mchana na kusoma usiku, au hana mzazi wa kumlipia. Wengi wa vijana wetu huko walianza kama wasaidizi wa wauguzi, kazi ambayo sheria ya nchi inataka mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache, kisha wakapanda ngazi moja moja huku wakituma fedha nyumbani. Kumwambia mtu wa namna hiyo arudi shuleni kwa mkopo kabla hajapata mshahara wa kwanza ni kumwadhibu kwa umaskini wake.

Njia ya haki ipo

Mwaka 2017 jimbo la New York lilitunga sheria inayomtaka muuguzi mpya apate shahada ya kwanza ndani ya miaka 10 tangu kupewa leseni, wala haikuwagusa waliokuwa tayari kazini au masomoni. Aingie kwanza, afanye kazi, ale, asome. Zipo pia hospitali zinazomwajiri muuguzi kwa ahadi ya kumaliza shahada katika muda uliowekwa na kumsaidia ada, hasa upungufu wa wauguzi unapozibana. Hilo lenyewe linatufundisha: sharti linalolegea kila wagonjwa wanapozidi halikuwa ukuta wa usalama peke yake. Mchagua nazi hupata koroma.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alieleza jinsi inavyouma vijana waliokwisha kuandaliwa vema kwa kazi wanapokosa kazi. Uchungu huo tunaufahamu hata kwetu. Tanzania muuguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada kila mmoja ana cheo chake katika utumishi wa serikali, wala sharti la shahada halijawafungia wote. Kwetu mlango hubanwa na uchache wa nafasi zinazotengewa fedha, hata wahitimu wakakaa nyumbani huku zahanati zikipungukiwa watumishi.

Basi tunasema hivi. Serikali ikitoa leseni, mwajiri aiheshimu. Mwajiri akitaka elimu zaidi, ashiriki kuilipia na atoe muda wa kuipata. Nasi wazazi, walimu na wasimamizi wa vyuo tuwaambie vijana ukweli kabla hawajalipa ada: ni kazi gani inayowangoja, na kwa masharti gani. Mgonjwa anahitaji mikono iliyofundishwa, na mikono hiyo ipo. Isiachwe nje ya mlango.