Kuhamisha barua pepe: Oda isipotelee kwenye seva ya zamani

VIKUNDI vya wakulima na wafanyabiashara wadogo katika Bonde la Kilombero navyo vimeanza kupokea oda, ankara na taarifa za zabuni kwa barua pepe. Mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza kutumika Julai 2023, nao husajili wazabuni kwa anwani ya barua pepe. Aidha, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo barua inapopotea, anayeumia si fundi wa kompyuta bali mwenye mzigo ghalani.

Hatari kubwa huwapo pale kikundi kinapohamisha barua pepe zake kutoka kampuni moja kwenda nyingine, mara nyingi kwa kufuata bei nafuu.

Tuchukue mfano. Ushirika wa wakulima wa mpunga Masagati una anwani yenye jina lake, inayoishia na .co.tz. Jumatatu unahamia kampuni mpya. Barua za mnunuzi wa Dar es Salaam zinafika. Za mwenye mashine ya kukoboa wa Ifakara hazifiki, na yeye harudishiwi taarifa yoyote. Kwake inaonekana barua imekwenda. Anasubiri wiki nzima, kisha ananunua kwingine. Kama oda ilikuwa ya tani 10, na wiki hiyo bei imeshuka kwa Sh100 kwa kilo, ushirika umepoteza Sh1 milioni.

Kwa nini mmoja afikishe na mwingine asifikishe? Sababu ya kwanza ni muda. Kila jina la anwani lina rekodi iitwayo MX, inayoeleza barua zipelekwe seva gani. Kompyuta za watumaji huitunza rekodi hiyo kwa muda uliopangwa, unaoweza kufika saa 24. Ukiibadilisha leo, wengine wataendelea kupeleka barua kwenye seva ya zamani hadi muda huo uishe.

Sababu ya pili ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa haiishi yenyewe. Huyo wa Ifakara anatumia kampuni ileile ambayo ushirika umeihama. Seva ya zamani bado ina jina la ushirika katika orodha ya wateja wake, hivyo barua yake haitoki nje kutafuta anwani mpya. Inawekwa kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna anayelifungua. Ni sawa na ghala la Mlimba kuhamishwa, lakini mtunza ghala wa zamani hakuambiwa. Anaendelea kupokea magunia na kusaini.

Dawa ipo, na haihitaji fedha nyingi. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, mwambie fundi apunguze muda wa rekodi ya MX hadi dakika tano. Baada ya kuhama, usifunge akaunti ya zamani. Ifungue kila siku kwa wiki mbili hivi na uhamishe kila barua iliyoangukia huko. Ukishahakikisha masanduku yote yamehama, itake kampuni ya zamani, kwa maandishi, iondoe jina lenu kwenye orodha ya seva yake ili barua zipelekwe seva mpya. Hapa ndipo wengi husahau.

Kuna pia barua zinazotoka. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wathibitishe kuwa seva inayotuma imeruhusiwa na mwenye jina. Uthibitisho mmoja ni rekodi iitwayo SPF. Ikibaki na seva ya zamani tu, ankara zenu zinaweza kukataliwa au kutupwa kwenye barua taka.

Mwisho, jaribuni. Tumeni barua kutoka Gmail, kutoka kwa mteja wa kampuni ya zamani, na baina yenu wenyewe, kisha mjibu kila moja. Barua ikirudi na namba inayoanza na 4, tatizo ni la muda na seva hujaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Ikianza na 5, imekataliwa. Mpelekeeni fundi ujumbe huo kama ulivyo.

Wapo watakaosema kulipia kampuni mbili kwa mwezi mmoja ni kupoteza fedha. Hesabu inakataa. Ada hiyo ni bima ya muda mfupi, na oda moja iliyookolewa huilipa na chenji ikabaki. Mkulima hauzi mbegu za akiba kabla msimu mpya haujaota. Na sanduku la zamani lisifungwe kabla jipya halijathibitika kupokea.