Kompyuta na briji: Ushindi wa Paris haukugusa kiini cha mchezo

Mnamo Machi 2022, mjini Paris, mabingwa wanane wa dunia wa briji, mchezo wa karata wa watu wanne, walipimana ubavu na programu ya kompyuta iitwayo Nook. Programu hiyo, iliyoundwa na kampuni changa ya Ufaransa, NukkAI, ilishinda seti 67 kati ya 80. Wapo waliotangaza papo hapo kwamba ngome ya mwisho ya binadamu imeanguka. Walifanya haraka.

Katika sataranji, ambako Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov mwaka 1997, na katika mchezo wa Go, ambako AlphaGo ilimshinda Lee Sedol mwaka 2016, kila kete iko hadharani. Briji huficha. Wachezaji hucheza wawili kwa wawili na kugawana karata 52, kila mmoja 13. Idadi ya namna zinavyoweza kugawanyika ni namba yenye tarakimu 29. Mnada unapokwisha na karata ya kwanza kutupwa, mchezaji mmoja huzilaza zake wazi mezani. Nyingine hubaki za kubashiriwa.

Mnada huo ndio moyo wa mchezo. Kabla ya karata yoyote kuchezwa, kila upande hutaja ni mizunguko mingapi utakayoshinda na turufu itakuwa nini. Anayetamka kopa au shupaza huwa pia anamweleza mwenzake, kwa mafumbo waliyokubaliana, hali ya karata alizoshika. Lakini kanuni haziruhusu siri: wapinzani wana haki ya kuuliza maana ya tamko na kujibiwa kwa ukweli. Ni mchezo wa nadra, unaomtaka mtu amfafanulie hasimu lugha yake mwenyewe.

Mjini Paris mnada uliachwa kando. Mkataba wa kila mgao ulikwishapangwa, na bingwa hakukabiliana na Nook ana kwa ana: kila upande ulicheza karata zilezile dhidi ya roboti zilezile, kisha alama zikalinganishwa. Kwa hiyo kilichopimwa ni ustadi wa kucheza karata, nao ni nusu tu ya mchezo.

Hata hivyo, jaribio hilo lilikuwa na uzito wake. Nook ilifundishwa kanuni kwanza, kisha ikajinoa kwa mazoezi, na waundaji wake walikusudia akili mnemba inayoweza kueleza sababu za uamuzi wake. Daktari au hakimu anayeletewa ushauri wa mashine ana haki ya kuuliza swali lilelile la mezani: una maana gani?

Dharau ya wachezaji kwa kompyuta ilikwisha zamani. Mwaka 1990 bingwa wa Pakistan, Zia Mahmood, aliweka dau la pauni milioni moja kwamba hakuna kompyuta itakayomshinda. Miaka michache baadaye, programu ya Kimarekani iitwayo GIB ilipoanza kuonyesha mbinu za kibingwa, aliliondoa. Busara, bila shaka.

GIB hiyo leo ndiyo mwenza wa maelfu ya watu katika mtandao wa Bridge Base Online, hasa tangu janga la corona lilipofunga vilabu mwaka 2020. Haichoki, hainuni mwenzake anapokosea, hupatikana hata usiku wa manane. Kwa mpenzi wa briji asiye na mtu wa kucheza naye, hiyo si neema ndogo.

Ila wengi huupenda mchezo huu kwa sababu nyingine: watu wawili huketi pamoja miaka mingi, wakibishana njiani kurudi nyumbani juu ya tamko moja, mpaka mafumbo yao yakawa yao. Roboti ina mfumo wake uliokwisha pangwa. Anayecheza nayo hujifunza lugha yake. Yenyewe haijifunzi ya kwake.