Kahawa ya Kivu: kamera inaona rangi, haioni ladha

Katika depo za kahawa huko Kivu, wamama wanaketi mbele ya meza wakichambua mbegu moja moja. Wanatoa zile nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kwa wengi wao, kazi hiyo ndiyo inalipa minervali ya watoto.

Sasa kazi hiyo ina mshindani. Ni mashini ya kuchambua kwa rangi, inayotengenezwa na kampuni kama Bühler ya Uswisi na Satake ya Japani. Kamera yake haipigi picha nzima kama simu. Inasoma mstari mmoja mwembamba tu, mara elfu nyingi kwa sekunde, huku mbegu zikianguka mbele yake. Mistari hiyo ikiunganishwa, picha inakamilika, ikiwa na nyekundu, kijani na buluu. Mbegu yenye rangi mbaya inapigwa na pumzi ya hewa na kutupwa pembeni kabla haijafika chini. Mashini kubwa inaweza kupitisha zaidi ya tani moja kwa saa.

Wenye kuitaka wana sababu. Kwa miaka mingi, kanuni ya kahawa ya daraja la juu imekuwa hii: katika sampuli ya gramu 350, hairuhusiwi kuwemo hata mbegu moja nyeusi kabisa. Jicho la mtu linachoka mchana, lakini kamera haichoki. Koperative ikikosa daraja kwa sababu ya mbegu chache, ni mkulima anayepoteza bei.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa mashini hawalisemi kwa sauti. Adui mkubwa wa kahawa ya Kivu, sawa na ile ya Rwanda na Burundi, ni ladha ya kiazi. Mbegu moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima. Wachunguzi wanaihusisha na mdudu antestia, ambaye anatoboa tunda likiwa bado kwenye mti. Na mbegu yenye kasoro hiyo inaweza kuwa na rangi safi kabisa. Harufu yake inatoka wakati wa kusaga, mara nyingi kahawa ikiwa imekwisha kufika kwa mnunuzi wa ng'ambo. Kamera, hata iwe ya bei gani, haiwezi kutupa kile ambacho rangi yake haikionyeshi.

Ndiyo maana ni kosa kuanzia kwenye mashini. Franga za kwanza zinapaswa kwenda shambani: kupogoa miti, kupiga vita antestia, kumlipa vizuri mkulima anayeleta matunda mekundu yasiyotobolewa. Kisha ziende kwenye stesheni za kuoshea, ambako matunda mepesi yanaelea kwenye maji na kuondolewa, na mikono ya wamama inatoa yale yenye matundu kabla hayajakobolewa. Hapo ndipo ladha ya kiazi inaweza kupunguzwa.

Hiyo haimaanishi kuikataa kamera. Lakini ikija, iwe mali ya koperative kadhaa kwa pamoja, si ya mfanyabiashara mmoja atakayewapangia wengine bei. Ifike pia mahali penye umeme usiokatika, kwa sababu pumzi ile ya hewa inatoka kwenye kompresa, na bila umeme mashini ni chuma tu. Na wamama wanaochambua leo wawe wa kwanza kufundishwa kuiendesha, kuisafisha na kukagua kile inachotupa. Wao wanazijua kasoro za kahawa kuliko fundi atakayekuja kuifunga.

Mashini itakayowarudisha wamama nyumbani na kuacha antestia shambani haitakuwa maendeleo. Itatoa kahawa yenye sura nzuri, ambayo mnunuzi ataonja mara moja na kuirudisha.