Usiache mbachao: kompyuta kuukuu yaweza kukimbia tena

Ziko nyumba nyingi mjini ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu watano. Baba huandikia barua za kazi, mama huwekea hesabu za chama, nao watoto huigombania kwa masomo. Kompyuta hiyo ikianza kujikokota, amani hutoweka nyumbani.

Unaiwasha, unaenda jikoni kuandaa chai, chai inachemka na kunywewa, nayo bado haijafunguka. Ndipo mmoja husema, "Hii imezeeka, tununue nyingine." Hapo karo ya muhula ujao huanza kutazamwa kwa jicho la tamaa.

Subiri kwanza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta haichoki kwa umri kama punda wa mkokoteni. Aghalabu kuna kitu kimoja kinachoikwamisha, na kazi yako ni kukijua kabla ya kutoa pesa.

Hata hivyo, kabla hujagusa chochote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Tasnifu ya mwanafunzi na picha za harusi hazinunuliki dukani. Diski inayokaribia kufa huanza kwa kulegea, na pengine hutoa mlio wa tik, tik. Ukisikia mlio huo, usihangaike na kasi. Okoa kazi zako siku iyo hiyo.

Sasa tuanze na yasiyogharimu hata ndururu.

Kwanza, iwashe upya. Wengi hudhani kuizima kila jioni kunatosha. La hasha! Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka wa 2012, mashine nyingi zikizimwa huhifadhi sehemu ya hali zilimokuwa ili ziwake haraka kesho yake. Mkwamo wa jana huamka pamoja nazo. Badala ya kuizima tu, chagua neno Restart angalau mara moja kwa juma.

Pili, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona orodha ya programu zinazofanya kazi, na safu za CPU, Memory na Disk, yaani kichakataji, memori na diski. Ngoja dakika kumi baada ya kuwasha, bila kufungua chochote. Safu ambayo bado imekaribia asilimia 100 ndiyo yenye ugonjwa.

Hapo hapo kuna sehemu iitwayo Startup. Humo zimo programu zinazojialika zenyewe kila unapowasha, mithili ya wageni wanaobisha kabla ya mwenye nyumba kunawa uso. Zile za muziki, michezo na mazungumzo, zichague na ubofye Disable. Hujazifuta, umeziambia zingoje ziitwe. Ile ya kukinga virusi iache, na usiyoijua usiiguse.

Tatu, punguza mizigo. Memori ikijaa, Windows huazima nafasi kwenye diski. Diski nayo ikiwa imejaa filamu, mashine hukosa pa kupumulia. Ondoa programu usizotumia na umwage kikapu cha taka.

Jihadhari na zile programu za bure zinazojigamba kuwa zitaongeza kasi mara kumi. Nyingine huleta virusi, na nyingine hufuta vitu ambavyo Windows inavihitaji. Vilevile usiweke kinga mbili za virusi, kwani fahali wawili hawakai zizi moja. Windows 10 na 11 tayari zina kinga yake.

Iwapo mashine huanza vyema kisha ikalegea baada ya nusu saa huku feni ikivuma, kisa ni joto. Kichakataji hupunguza mwendo ili kisiungue. Mwambie fundi apulize vumbi, nawe uache kuiweka juu ya godoro, ambapo haipati hewa.

Ukishayafanya hayo na bado mambo ni yale yale, sasa fikiria mfuko.

Kama safu ya memori ndiyo iliyojaa, ongeza memori. Windows 11 hudai gigabaiti 4 kwa uchache, lakini ukifungua kurasa nyingi za intaneti utahitaji 8. Uliza kwanza kama yako inaweza kuongezwa, kwani katika baadhi ya kompyuta nyembamba memori imechomelewa.

Kama ni diski, chunguza ni ya aina gani. Ile ya zamani huzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, huku mkono wake ukitafuta vipande vya kazi yako huku na huko. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote kwa kompyuta za mitumba, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Mashine iliyokuchukua dakika tano kufunguka yaweza kukuchukua chini ya moja.

Patana bei na fundi mapema, aihamishe kazi yako yote, kisha mdai ile diski ya zamani. Ni mali yako, na siri zako zimo.

Liko jambo moja ambalo kasi haiponyi. Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka wa 2018 hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Ikiwa yako ni mojawapo, usiitumie kwa mambo ya benki ikiwa haipati marekebisho hayo. Mwombe fundi akuwekee Linux Mint, ambayo ni ya bure na huendesha mashine kuukuu bila taabu.

Basi fuata utaratibu huu: nakili, chunguza, safisha, na ununuzi uwe wa mwisho. Huenda karo ikasalimika.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.