JAKUZI UNALIJUA, BABA YAKE JE?

Wiki hii nina dukuduku langu, naomba mnivumilie nilitoe.

Jumapili nilikuwa kijiweni pale Mkuyuni, jirani na mafundi wa kuchomelea, nangoja jua lipungue. Mara mshikaji wangu mmoja akaibuka, kanyoa safi, ananukia hadi ng'ambo ya barabara. Akaanza kutumwagia stori. Eti amempeleka mrembo wake kwenye hoteli ya maana, yenye jakuzi. "Wanangu, maji yanakukanda yenyewe, wewe umelala tu kama mfalme!" Kijiwe kizima hoi kwa vicheko.

Mimi sikucheka. Huyu bwana namjua. Ana mtoto wa kiume, ana mwaka na ushee sasa, aliyezaliwa na miguu kifundo. Alipomwona tu akasema, "Kwetu hakuna watoto wa hivyo," akamrudisha mama na mwanawe Sengerema kwa bibi. Hata hela ya sabuni hatumi.

Nikamuuliza: "Kaka, unajua jakuzi lilianza kwa ajili ya nani?" Akajibu, "Si kwa ajili ya wenye nazo!" Nikamwambia, kaa chini nikupe.

Jacuzzi ni jina la ukoo. Ni Waitaliano, watoto 13 wa mama mmoja, vijana saba na mabinti sita, kutoka kijijini kaskazini mwa Italia. Mwanzoni mwa karne ya 20 walihamia Marekani kutafuta riziki. Mwaka 1915 wakafungua karakana huko California, wakichonga mapangaboi ya ndege. Baadaye wakaunda na ndege zenyewe. Mwaka 1921 moja ikaanguka, ikamuua ndugu yao Giocondo. Familia ikasema basi, ndege mwisho. Wakageukia pampu za kuvuta maji visimani.

Kitinda mimba wa wale vijana saba aliitwa Candido. Mwanawe Kenneth alizaliwa mwaka 1941, na kabla hajafikisha miaka miwili akashikwa na baridi yabisi ya viungo. Mtoto wa watu akawa halali kwa maumivu. Hospitali walikuwa wakimtumbukiza kwenye maji yanayozunguka, anapata nafuu, lakini akirudi nyumbani maumivu yale yale.

Candido hakuwa daktari wala hakuwa na digrii. Alikuwa fundi pampu. Basi akachukua ufundi wake ule ule wa visima, mwishoni mwa miaka ya 1940 akaunda pampu ndogo ya kutia ndani ya bafu la nyumbani, ili mwanawe akandwe na maji hapo hapo kwao. Biashara ilikuja baadaye. Pampu hiyo iliingia sokoni mwaka 1956, na mwaka 1968 kijana wa ukoo huo, Roy, akatoa bafu lenye pampu ndani kwa ndani. Hilo ndilo analotambia mshikaji wangu!

Kenneth hakupona, lakini alikua, akafanya kazi kwenye kampuni ya familia, akaandika kitabu kuhusu baba yake. Candido alifariki mwaka 1986.

Kijiwe kikawa kimya. Fundi mmoja akazima mashine yake, akasema taratibu, "Na miguu kifundo ikiwahiwa inanyooshwa kwa plasta, bwana. Wa dada yangu anacheza mpira." Mshikaji akatazama viatu vyake.

Vijana wenzangu, si lazima uvumbue kitu. Nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ni ndogo kuliko bili ya hoteli. Na mtoto si gari bovu la kuegesha kwa bibi.

Aliondoka bila kuaga. Jana nimesikia alikuwa anaulizia siku za kliniki. Akienda nitawaambia, asipoenda pia nitawaambia!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.