Umepata fremu mpya? Usikimbilie kununua ruta

Wauzaji wenzangu, mi naona hivi: mwezi wa kwanza ofisini, hotispoti ya simu inatosha.

Mimi nilinunua ruta siku ileile niliyolipa kodi ya fremu. Kumbe mle ndani mtandao ule haushiki kabisa, kuta nene na maghorofa kila upande. Mteja anataka picha za viatu jozi 12, picha zinazunguka tu, akanunua kwingine. Nikajaribu kubadili laini, ruta ikagoma. Imefungwa kwa mtandao mmoja!

Kabla hujalipa chochote, ingia na laini za mitandao miwili tofauti, kaa palepale utakapofanyia kazi, tuma video. Rudia saa mbili usiku, watu wakiwa wengi mtandaoni. Inayoshika ndo ununulie bando. Simu iweke dirishani, kwenye chaji.

Halafu kwenye kompyuta zima apdeti za kujiendesha, na WhatsApp isijipakulie video za magrupu. Bando langu la wiki liliisha siku moja, nikamnunia jirani bure nikidhani ananiibia. Ila nywila weka tu.